Damu Iliyosingiziwa

Kamsamba,
3 Machi 2024

Baba,

Shikamoo. Naomba karatasi hii ikukute unakula ugali wako kwa amani na si unagombana na wale wa mbolea. Huku tuko hai. Mto umejaa, mpunga umesimama vizuri, na joto ni lile lile ulilolikimbia baada ya siku mbili ulipokuja kututembelea. Mume wangu Makoye yuko kambini na ng'ombe. Mama mkwe anakusalimia, au tuseme alikusalimia wiki iliyopita, maana wiki hii hasalimii mtu.

Naandika kwa sababu simu haitufai. Wewe masikio yamechoka, na mimi nikipaza sauti ili unisikie, nasikika nyumba nzima. Barua nitampa kondakta wa basi la Mlowo, itafika dukani kwa kaka Brayson pale Tunduma, naye ataipandisha basi dogo la Itumba.

Nina mimba tena. Ni ya tatu, na unajua zile mbili ziliishia wapi: ya kwanza mwezi wa tano, ya pili mwezi wa sita. Safari hii niliwahi kliniki, nikaenda na Makoye kama wanavyotaka, tukapimwa wote wawili. Virusi hatuna. Lakini kuna kipimo kimoja ambacho kwake kimetoka safi na kwangu kimetoka kibaya. Ni ugonjwa ambao mtu haupati kwa kunywa maji machafu. Jina lake sitaliandika kwako. Wametuchoma sindano wote, yeye kwa tahadhari, mimi kwa kosa.

Sijawahi kutoka nje ya ndoa yangu. Nimelisema mara moja, sitalirudia.

 Makoye alinirudisha nyumbani kwa pikipiki, akanywa maji, akaenda kambini. Leo ni siku ya tisa. Mama yake ndiye aliyesema, na alisema mengi. Anataka niende kwetu mpaka mambo yajulikane. Ndiyo nakuuliza: nikija Itumba utanipokea?

Usifikiri nalia. Silii wala sina hasira. Niko kama mguu ulioukalia muda mrefu ukafa ganzi. Najua ni wangu kwa sababu nauona.

Mwanao,
Nesta

---

Itumba,
31 Machi 2024

Mwanangu Nesta,

Marahaba. Barua yako imetembea karibu mwezi mzima, nadhani ilikuja kwa miguu. Leo ni Pasaka. Nimetoka kanisani sasa hivi, mahubiri yalikuwa marefu hata mwinjilisti mwenyewe alichoka. Mvua bado ipo. Maharage yameoza kidogo upande wa bondeni, kahawa inapendeza. Bati la jikoni limetoboka na fundi ananizungusha tangu Januari.

Nimesoma uliyoandika. Nimesoma mara mbili.

Ushauri wangu ni ubaki kwako. Mwanamke akirudi kwao na jambo la namna hiyo, watu hawatasubiri kujua kama ni kweli. Muombe radhi Makoye. Sisemi ulifanya. Nasema omba radhi. Nimewahi kuiona nyumba ikivunjika kwa sababu mtu mmoja alikataa kusema neno hilo moja.

Mimi nimefundisha sayansi miaka thelathini na mmoja, siwezi kukudanganya kwamba maabara hutunga hadithi. Kipimo ni kipimo.

Kula mboga za majani. Msalimie mumeo.

Baba yako,
Mwl. Jastin

---

Tunduma,
28 Aprili 2024

Baba,

Shikamoo. Niko kwa Brayson. Hajambo, duka linakwenda, wateja wa ng'ambo ya mpaka wanakuja kununua vipuri na kumwachia maneno ya Kibemba ambayo sasa anamtukania paka. Mkewe anakusalimia.

Sikuomba radhi. Nilijaribu kuitunga sentensi nikakosa pa kuanzia.

Nilirudi kliniki peke yangu. Nesi mmoja mtu mzima aliisoma kadi yangu, akaniuliza, "Mbona umeandikiwa hii ni mimba ya kwanza?" Nikamwambia ndivyo nilivyosema, maana kule nilikoolewa mtoto ambaye hakutoka nje akaonekana hahesabiwi, hata kumtaja hatajwi. Akavua miwani. "Mama, hapa tunahesabu zote." Nikamtajia zote. Akaniuliza kama nimewahi kuvimba mguu, nikasema ndiyo, wa kushoto, baada ya ile ya pili. Siku hiyo hiyo akaniandikia rufaa ya Mbeya.

Sasa nisikilize vizuri, Mwalimu, maana hii ni sayansi.

Daktari wa Mbeya alirudia kile kipimo, lakini kwa aina nyingine. Akanieleza kwamba pale zahanati vipimo vipya vilikuwa vimeisha wakatumia vya zamani, na vile vya zamani havimtafuti mdudu mwenyewe. Vinatafuta kitu kwenye damu ambacho kwa kawaida huonekana mdudu akiwepo. Lakini wapo watu wachache ambao damu yao ina kitu hicho bila mdudu yeyote. Alipotafuta alama za mdudu huyo mwenyewe hakuzikuta. Sina kaswende, Baba. Sijawahi kuwa nayo. Leo jina naliandika.

Anachoshuku ni kwamba kinga ya mwili wangu inaishambulia damu yangu mwenyewe, kama mlinzi anayempiga mwenye nyumba. Damu inaganda mahali isipotakiwa, hasa kwenye kondo la nyuma, na mtoto anakosa chakula na hewa. Hata chembe zinazosaidia damu kuganda amezikuta zimepungua. Tarehe 22 walichukua damu nyingine, imepelekwa Dar es Salaam. Hata ikitoka mbaya hawatoi jina la ugonjwa mpaka warudie baada ya wiki kumi na mbili. Ila hatasubiri jina ndipo aanze dawa.

Amenituma nikuulize mambo mawili, kwa kuwa wakati mwingine ugonjwa huu huonekana kwenye ukoo. Mama alipoteza mimba ngapi? Na alikufa kwa ugonjwa gani? Wewe uliniambia aliumwa akaenda kwao Isansa, basi. Naomba unijibu mapema.

Mwanao,
Nesta

---

Itumba,
19 Mei 2024

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika salama. Tumeanza kuchuma kahawa, vibarua ni wa shida, vijana wote wanataka kuendesha pikipiki. Bati limezibwa. Yule ng'ombe mweusi amezaa dume.

Nimefurahi kusikia habari za Mbeya. Hayo mambo ya kinga wakati wetu hayakuwepo kwenye silabasi.

Kuhusu mama yako, ni zamani sana. Alikuwa mzima wa afya. Mimba kuharibika ni jambo la kawaida kwa wanawake, sikuweka kumbukumbu. Na kile kipimo chake kilikuwa ni kitu kingine kabisa, hakihusiani na haya yako. Mwambie daktari aendelee na anayoyajua.

Mafuta ya taa yameadimika hapa.

Baba yako,
Mwl. Jastin

---

Tunduma,
16 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Hapa baridi imeingia na vumbi la malori halijapungua. Brayson ana mafua.

Majibu ya Dar yametoka na ni mabaya, kama daktari alivyotarajia. Atarudia kuchukua damu katikati ya Julai. Mimi kila asubuhi nameza kidonge kidogo cha aspirini, kisha nachomwa sindano ya kuzuia damu kuganda, hapa tumboni, pembeni ya kitovu. Kushoto leo, kulia kesho. Dawa haitaki joto, ndiyo maana siwezi kukaa Kamsamba. Tumbo lina madoa ya bluu kama shuka la batiki. Nayahesabu, halafu nasahau nilifika wapi, halafu siendelei.

Makoye alikuja wiki tatu zilizopita. Hakuniaga wakati ule na sasa hakubisha hodi. Alikaa, akaniomba karatasi ya Mbeya, akaisoma kwa kidole mstari kwa mstari. Akauliza, "Nani anakuchoma?" Nikasema naenda kituo cha afya, napanga foleni. Akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akaniambia, "Lete. Mimi nachoma ng'ombe mia na arobaini, sijawahi kuvunja sindano." Akanichoma. Sikusikia hata kidogo, lakini siku hizi sisikii mengi. Akaondoka kesho yake, sasa anakuja kila Jumapili, na siku nyingine najichoma mwenyewe alivyonionyesha. Mama yake huko siku hizi maneno yake anampelekea nani, sijui. Makoye hajaniambia samahani na mimi sijaidai. Ila ameuza dume apate pesa ya kupanga karibu na mimi mwezi wa mwisho, na hilo nimelisikia kwa Brayson.

Sasa tuje kwako. Sikukuuliza habari ya kipimo cha Mama, Baba. Niliuliza mimba na kifo. Kipimo umekileta mwenyewe.

Nilimpigia Mjomba Efraimu kule Isansa. Nilipomuuliza dada yake alikufaje, akanijibu, "Muulize baba yako kwanza mama yako alirudije huku." Halafu akaniuliza habari za mpunga.

Mtoto ana miezi mitano na nusu. Ile ya kwanza iliishia hapa. Andika.

Nesta

---

Itumba,
14 Julai 2024

Mwanangu Nesta,

Marahaba, ingawa barua yako ya mwisho salamu yake ilikuwa baridi kuliko Itumba. Habari za nyumbani ni zile zile, sitazirudia.

Nilisema sikuweka kumbukumbu. Nimeweka. Ziko kwenye shajara zangu za kazi, pembeni ya maandalizi ya masomo. Baada yako mama yako alibeba mimba nne. Zilitoka zote, ya mwisho ikiwa na miezi saba. Walizikwa na wanawake nyuma ya nyumba na mimi sikuonyeshwa. Siku zote nne nilikuwa darasani. Nimetazama kwenye shajara: Februari, ya mwisho ilipotoka, nilikuwa nafundisha mizani.

Kwenye hiyo ya nne, mwaka 2001, alipimwa kliniki, nikaitwa nikapimwa na mimi. Yeye alikuwa na kaswende, mimi sikuwa nayo. Nilimuuliza siku tatu mfululizo ni nani. Siku ya kwanza alisema hakuna mtu. Siku ya pili alisema hakuna mtu. Siku ya tatu hakusema, alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua. Nilichukulia kunyamaza kwake kuwa ndiyo jibu. Mtoto akafa tumboni baada ya wiki mbili, na mimi nikasema, hata vitabu vinasema ugonjwa huu unaua watoto tumboni. Kila kitu kililingana. Ndivyo nilivyowafundisha watoto wa watu kwamba ukweli huonekana.

Jambo lilifika kwenye baraza la wazee wa kanisa. Walipiga kura ya kumtenga na Meza ya Bwana. Mimi nilikuwa mmoja wa wazee. Wangeniruhusu nitoke nje, lakini nilikaa, nikanyoosha mkono.

Agosti nilimpeleka Isansa na sanduku lake. Wewe ulikuwa na miaka minne. Alikufa mwaka 2009. Mguu ulivimba, wakadhani ameteguka shambani, siku ya tatu pumzi ikakata wakati anaosha vyombo. Nilimtuma Brayson mazikoni. Wewe nilikuambia ubaki kwa sababu ulikuwa na mtihani.

Mwambie daktari yote haya. Mimba nne, mguu, pumzi. Na umwombe, kama haoni tabu, aniandikie kwenye karatasi yenye muhuri kwamba kipimo cha mama yako kilikosea.

Baba yako,
Jastin

---

Tunduma,
20 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo.

Kipimo cha pili kimetoka sawa na cha kwanza. Sasa ugonjwa una jina refu, limeandikwa kwenye karatasi, nakutumia nakala. Mtoto yupo. Anapiga teke wakati wa chai. Nikipitisha saa moja bila kumsikia nakaa chini nahesabu mpaka asogee. Amepita miezi yote ambayo wenzake waliishia. Nilidhani siku nitakapoipita ile ya mwezi wa sita nitafurahi, lakini nilipika tu, nikala.

Nilimsomea daktari barua yako, ile sehemu ya Mama. Aliandika yote. Halafu nikamwomba karatasi yako. Amesema hawezi. Mtu aliyekufa hapimwi. Anasema inawezekana sana, inawezekana mno, kwamba alikuwa na ugonjwa huu huu na damu yake ilisingiziwa kama yangu. Lakini kusema ndivyo ilivyokuwa, na kupiga muhuri, hapana. Kwa hiyo karatasi niliyokutumia ni yangu mimi. Ya Mama haipo na haitakuwepo.

Ule mtihani nilikuwa wa tatu darasani. Ulininunulia soda.

Baada ya majibu yale nilikuandikia wewe kabla ya kumweleza mtu mwingine yeyote. Wewe ukaniambia niombe radhi. Sasa nimejua ulikuwa unaongea na nani, lakini aliyeisoma barua ile ni mimi. Iliniuma, Baba. Naona sasa kwamba iliniuma hata wakati ule, ila uchungu umechelewa kufika.

Septemba katikati watanifanyia upasuaji Mbeya, wiki ya thelathini na saba. Hawataki kusubiri uchungu wenyewe.

Nesta

---

Mbeya,
29 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Hujajibu, na mimi sikusubiri.

Amezaliwa tarehe 17, saa nne asubuhi, wa kike, kilo mbili na gramu mia tatu. Yuko hai. Nimeandika hivyo kwanza ili usisome mistari mingine ukiwa unatetemeka.

Waliacha sindano siku moja kabla, wakaweka damu ya akiba pembeni, chembe zangu zilikuwa zimeshuka lakini si sana. Nilikuwa macho. Alipolia nilimsikia kama redio ya jirani, nikajiuliza ni mtoto wa nani. Nesi akamleta karibu na uso wangu, akasema, "Mpokee mwenyewe, ni wako." Nikamwangalia. Siku nne nilimnyonyesha, nikambadilisha, nikafanya yote, na ndani yangu hakukuwa na mtu. Siku ya tano Makoye alikuja na shuka jipya, akalitandika, akainama kunisaidia kuamka, na nikaanza kulia. Nililia mpaka wenzangu wa wodini wakaita nesi. Makoye alisimama tu ameshika chupa ya chai. Akasema, "Nilikwenda kambini kwa sababu sikujua pa kuweka uso." Ndiyo samahani yake. Nimeipokea.

Bado nachomwa wiki nne nyingine, maana hatari ya damu kuganda haiishi na kujifungua. Mama alipita kipindi hicho mara nne bila mtu kumtazama.

Kwa kutojibu nadhani unauliza kama unaweza kuja kumwona mtoto. Njoo. Sijasema nimekusamehe, nimesema njoo. Lakini kabla hujafika kwangu pita kwanza Isansa, uwaambie uliyoniandikia mimi. Uwaambie kwa mdomo wako.

Nesta

---

Itumba,
20 Oktoba 2024

Mwanangu Nesta,

Marahaba, na marahaba ya mjukuu wangu ambaye bado hajui kuamkia. Nimefurahi. Nimeandika neno hilo nikaliangalia, ni kweli, nimefurahi, ila furaha yenyewe nailea taratibu kama mgonjwa. Mvua za kwanza zimeanza kunukia. Nimejitoa kwenye baraza la wazee. Niliwaomba walirudishe jina la mama yako, wakasema utaratibu wa kumrudisha marehemu mezani haupo, nikawaambia basi na langu liondoeni. Sasa nakaa benchi la nyuma karibu na mlango. Huko nyuma hata mahubiri siyasikii, na si jambo baya.

Nilikwenda Isansa Jumanne. Miaka ishirini na mitatu sijashuka kituo kile. Nilivaa koti, nikaiweka karatasi yako kwenye bahasha ngumu isikunjike. Mjomba wako Efraimu nilimkuta uani anapukuchua mahindi na mkewe. Alinipa kigoda. Hakuacha kupukuchua.

Nikamwambia yote. Baraza, mkono wangu, sanduku, mtihani wako. Kisha nikatoa karatasi, nikamsomea, nikamfafanulia vipimo vya zamani na vipya. Nesta, nilifundisha. Niliona nafundisha na sikuweza kujizuia. Aliponisikiliza mpaka mwisho akaniuliza, "Shemeji, hii ni ya Nesta. Ya Felista iko wapi?"

Nikasema haipo. Nikasema haiwezi kupatikana tena.

"Kwa hiyo wewe unaamini nini?"

Nikasema naamini mama yako hakufanya kosa lolote.

"Kwa kipimo gani?"

 Niliirudisha karatasi yako kwenye bahasha. Nililia, Nesta, mbele ya mke wa shemeji yangu, nikiwa na koti. Nikamuuliza Efraimu siku ile mama yako alipokanyaga uani kwao, walipoambiwa aliyosingiziwa, wao walijuaje kwamba si kweli.

Efraimu akamimina mahindi kwenye beseni. Akasema, "Sisi hatukujua. Alifika, tukamuuliza kama amekula."

Jumamosi nitapanda basi kuja Tunduma, maana nasikia umerudi kwa Brayson. Kama hutanifungulia nitakaa dukani kwa Brayson mpaka utakapotaka.

Baba yako,
Jastin